Databesi imegoma kuamka baada ya seva kuzima? Anza na majina ya folda

Kama unahudumia seva za watu hapa Mwanza hii unaijua. Umeme umekatika Nyakato usiku, jenereta imechelewa, UPS imevumilia mpaka ikachoka, seva ikazima. Asubuhi umeme upo, seva imewaka vizuri tu ila mfumo wa mizani kiwandani haufunguki, magari ya sangara yamepanga foleni getini yanasubiri kupimwa na barafu inayeyuka. Wa kwanza kulaumiwa ni umeme, wa pili diski. Mi nasema kabla hujagusa diski fungua `/etc/oratab`, faili linaloorodhesha databesi za seva na folda za programu zake, maana kosa la aina hii mara nyingi limekaa humo kimya muda mrefu likisubiri tu siku seva itakapozima.

Hapa naongelea zaidi databesi za Oracle kwenye Linux maana ndo inayosumbua watu kwa folda, PostgreSQL na SQL Server nitazigusa mwishoni. Folda yenye programu yenyewe ya databesi nitaiita homu, ndivyo tunavyoiita kazini.

Dalili: zamani ilikuwa inajiwasha yenyewe, sasa haijiwashi

Skripti ya `dbstart`, inayowasha databesi seva inapowaka, inasoma `/etc/oratab` mstari kwa mstari, na kila mstari una vitu 3 vimetenganishwa kwa nukta mbili: jina la instansi (databesi inayotembea kwenye memori), njia ya homu, halafu Y au N (ijiwashe au isijiwashe). Kama hivi:

    MIZANI:/u01/app/oracle/product/19.3.0/dbhome_1:Y

Sasa kilichotokea ni kwamba kuna fundi alikuja akaweka homu mpya yenye pachi (marekebisho ya programu), akahamisha databesi, akaiwasha kwa mkono kutoka homu mpya, ikakubali, akaenda zake. Mstari wa oratab ukabaki unaonyesha homu ya zamani. Databesi haijali, inaendelea kufanya kazi hata mwaka mzima, mpaka siku umeme ukatike ndo `dbstart` inaenda kuita homu ya zamani ambayo labda imeshafutwa, au mbaya zaidi bado ipo na inaanza kuwasha databesi kwa programu ya zamani isiyo na pachi. Hiyo ya pili ndo ya kuogopa kwa sababu databesi inaweza ikafunguka, watu wakafanya kazi, na wewe ukaja kugundua wiki 2 mbele kwamba pachi zote za usalama ulizolipia hazitumiki.

Tiba ni kurekebisha mstari, haizidi dakika moja. Kama seva ina Grid Infrastructure (programu ya Oracle ya kusimamia klasta, yaani seva zinazofanya kazi pamoja) basi oratab peke yake haitoshi, taarifa za homu zinakaa pia kwenye klasta, utazame kwa `srvctl config database -db` ikifuatiwa na jina la databesi na urekebishe kwa `srvctl modify database` yenye `-oraclehome`. Watu wengi wanarekebisha kimoja wanaacha kingine.

Dalili: "Connected to an idle instance" na huku watu wanafanya kazi

Hii imewahi kuwatoa jasho watu wazima. Unaingia kwa sqlplus (programu ya kutuma amri kwa databesi) kama sysdba (msimamizi mkuu), inakuambia instansi imelala, au ukijaribu kuuliza kitu unapata ORA-01034 na ORA-27101, makosa yanayosema Oracle haipatikani. Unapiga simu kaunta, wanakuambia mbona sisi tunaendelea, risiti zinatoka. Sasa nani muongo?

Hakuna muongo. Kwenye Linux na Unix zote, Oracle inapata kitambulisho cha memori ya pamoja kwa kuchanganya maandishi ya ORACLE_HOME (njia ya homu) na ORACLE_SID (jina la instansi), na nimesema maandishi, haiangalii folda halisi ni ipi. Kwa hiyo `/u01/app/oracle/product/19.0.0/dbhome_1` na `/u01/app/oracle/product/19.0.0/dbhome_1/` wewe unaona ni folda ile ile, yeye anaona vitu 2 tofauti kwa sababu ya ule mkwaju wa mwisho. Vivyo hivyo kama mtu katengeneza kiungo cha mkato, tuseme `/oracle/sasa` kinachoelekea kwenye homu, databesi ikawashwa kupitia kiungo halafu wewe ukaingia kwa njia kamili, hamuonani. Hata herufi kubwa na ndogo za SID zinahesabika, `mizani` na `MIZANI` ni instansi 2.

Usibahatishe, muulize mchakato wenyewe unaotembea. Tafuta pmon, mchakato wa Oracle unaokuwepo kila instansi ikiwa hai, chukua namba yake, halafu:

    ps -ef | grep pmon
    ls -l /proc/NAMBA/exe
    tr '\0' '\n' < /proc/NAMBA/environ | grep ORACLE

Mstari wa 2 unakuonyesha programu halisi inayotembea iko folda gani, wa 3 unakuonyesha maandishi yaliyotumika siku ya kuwasha, na mkwaju wake kama upo. Weka ORACLE_HOME yako ifanane herufi kwa herufi na hayo, ingia tena, utaikuta.

Na tafadhali sana, ukiona imesema idle usikimbilie kuandika `startup`. Mara nyingi utaokolewa na faili la kufuli (lk) lililoko kwenye folda ya `dbs` ndani ya homu, utapata kosa la ORA-01102 na mambo yataishia hapo, lakini kwa nini utegemee kuokolewa.

Ugonjwa huu una ndugu yake anayetokea kwenye lisena, programu inayopokea kompyuta za nje zinazounganisha na databesi. Ukiwa ndani ya seva kila kitu sawa, ila kompyuta za nje zikiunganisha zinapata ORA-01034. Fungua `listener.ora` uangalie ile sehemu ya SID_LIST, kuna ORACLE_HOME imeandikwa kwa mkono humo, na kama homu ilihamishwa au iliandikwa kwa mkwaju wa ziada utaikuta palepale.

Dalili: folda inasema 19.3 lakini ndani ni kitu kingine

Hapa ndo penye mzizi wa mengi ya juu, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Oracle 19c kwa seva za ndani ilitoka 2019 ikiwa 19.3, na toka hapo zinakuja apdeti kila robo mwaka, Januari, Aprili, Julai na Oktoba, kila moja inapandisha namba ya 2. Sasa mtu aliyeinstoli siku ya kwanza akaita folda `19.3.0`, ilikuwa kweli siku hiyo. Akaja kupachika apdeti ndani ya folda hiyohiyo, ikawa 19.10 ndani, jina nje 19.3. Mwaka uliofuata akapachika tena. Ni sawa na mtumbwi pale mwalo wa Kirumba ulioandikwa ubavuni "Yamaha 15" na mwenyewe kashabadilisha injini kaweka 40, fundi anayesoma ubavu anakuja na vipuri visivyoingia. Mkaguzi akija anasoma jina la folda anaandika kwenye ripoti kwamba hamjawahi kupachika, mnaanza kubishana kikao kizima.

Kujua ukweli usisome jina la folda. Ndani ya databesi uliza hivi:

    select version, version_full from v$instance;

Ile `version` itakujibu 19.0.0.0.0 siku zote, haikusaidii, `version_full` ndo itasema 19.22 au ngapi sijui. Na nje ya databesi `opatch lspatches` itakutajia pachi zilizomo kwenye homu. Kama homu ina pachi ila DBA_REGISTRY_SQLPATCH haionyeshi sehemu yake ya SQL, hapo kuna mtu hakumalizia `datapatch` (amri inayoingiza sehemu hiyo kwenye databesi), hilo ni tatizo jingine.

Kanuni yangu ni moja na siibadilishi kwa mteja yeyote: jina la folda lisibebe kitu ambacho kitabadilika ndani ya folda wakati jina limebaki vilevile. Basi. Ukiishika hiyo mengine yanajipanga.

Kwa hiyo jiulize kwanza unapachika vipi. Kama unapachika ndani ya homu ileile basi ishia kwenye toleo kuu, `/u01/app/oracle/product/19.0.0/dbhome_1`, kama nyaraka za Oracle zenyewe zinavyoandika, hiyo haitakuja kuwa uongo. Kama kila apdeti unaiwekea homu mpya na kuhamisha databesi, na mi napenda hii kwa sababu ukiharibikiwa unarudi homu ya zamani chapchap, hapo namba kamili kwenye jina ina maana, `19.22.0/dbhome_1`, kwa sababu homu hiyo itaishi na kufa ikiwa 19.22. Kinachoua ni kuchanganya, jina la mtindo wa 2 halafu tabia ya mtindo wa 1.

Tahadhari ndogo kwa wanaotumia namba kamili: kuna skripti za bekapu zinazochagua homu kwa `ls | tail -1` zikidhani ya mwisho ndo mpya. Kwa mpangilio wa herufi 19.9.0 inakuja baada ya 19.22.0, kwa hiyo skripti itakuchagulia ya zamani kwa kujiamini kabisa. Tumia `sort -V`, au bora skripti isome oratab iache kubahatisha.

Halafu yale majina mengine tunayokutana nayo. `oracle_mpya` ambayo ni ya 2019, pembeni yake `oracle_mpya2`. Jina la mtu aliyeinstoli, na mwenyewe kashahamia Dodoma. Jina la tawi, folda inaitwa `bukoba` kwa sababu ilianza na databesi ya Bukoba, sasa inaendesha na ya Musoma pia, kwa maana homu moja inabeba databesi nyingi na databesi zinahama homu, usiipe homu jina la databesi. Na hatari kuliko yote ni `prod`. Mnanakili seva ya prodakshini kutengeneza ya majaribio, folda inakuja na jina lake, sasa seva ya majaribio ina njia inayosema prod, na kijana mpya akishazoea kufuta vitu kwenye folda iitwayo prod bila madhara, siku moja atakuwa kwenye prod ya kweli.

Ule utaratibu wa `/u01/app/oracle` wenyewe haukutoka hewani, unaitwa OFA, uliandikwa na Cary Millsap akiwa Oracle miaka ya 1990, na wazo lake kubwa ni kutenganisha programu na data ili kimoja kibadilike bila kusumbua kingine. Ukiwa na Grid, homu yake haikai chini ya `/u01/app/oracle`, inakaa pembeni kama `/u01/app/19.0.0/grid`, kwa sababu kwenye klasta folda za juu yake zinageuzwa kuwa mali ya root, na ukiiweka chini ya folda ya oracle utakuja kushangaa mtumiaji oracle ananyimwa ruhusa kwenye nyumba yake mwenyewe.

Dalili: LRM-00109, haioni faili la vigezo

Umeweka homu mpya, umerekebisha oratab, unawasha, unapata ORA-01078 na LRM-00109 inalalamika haikuti `initMIZANI.ora`. Hii ni rahisi: spfile (faili la vigezo) na faili la nywila (`orapw`) vinakaa kwenye folda ya `dbs` ndani ya homu ya zamani na hukuvihamisha. Vinakili, washa. Ukisahau `orapw` databesi yenyewe itawaka vizuri ila sysdba wa mbali atakataliwa kwa ORA-01017, na kama una standby (databesi nakala ya akiba) Musoma ndo itaanza kulia.

Kuanzia 18c kuna namna ya kuifanya homu isiandikwe, `roohctl -enable`, na hapo vitu hivyo vinakaa chini ya ORACLE_BASE (folda mama ya vitu vya Oracle) badala ya homu. Kwa anayehamahama kila robo mwaka inapunguza usumbufu sana, sijui kwa nini watu hawaitumii.

Dalili: opatch inasema haiijui homu

Karibu kila mara ni mtu alipiga `mv`. Aliona jina baya akaamua kulirekebisha. Nia nzuri, ila njia ya homu imeandikwa kwenye inventori kuu na pia imeingia ndani ya faili kibao za programu yenyewe wakati wa kuinstoli. Angalia `/etc/oraInst.loc` itakuambia inventori iko wapi, ndani yake `ContentsXML/inventory.xml` ina orodha ya homu zote na njia zake. Utaona njia ya zamani pale.

Dharura unaweza kurudisha jina la zamani kwa `mv` nyingine, mambo yatatulia. Kama shida ni homu kutosajiliwa tu na njia haijabadilishwa, `runInstaller -attachHome` iliyoko `oui/bin` inaisajili upya. Lakini kama kweli unataka jina jipya, njia safi ni kutengeneza nakala kwa `runInstaller -createGoldImage`, unaifungua zipu ndani ya folda yenye jina zuri, unaendesha `runInstaller` humo. Kumbuka kuanzia 18c unazipua moja kwa moja ndani ya homu, maana yake jina la folda unalichagua kabla hata ya skrini ya kwanza ya usakinishaji. Ukizipua ndani ya `/home/oracle/Downloads/db` ujue hiyo ndo homu yako mpaka uifute.

Baada ya kuhama pia kuna kitu kinasahaulika: ndani ya databesi kuna vielekezi vya folda vinavyotaja njia ya homu, utaviona kwenye DBA_DIRECTORIES. Vikibaki vya zamani, `datapatch` inalalamika kwamba "Queryable inventory could not determine the current opatch status" na unahangaika na opatch ambayo haina kosa. Endesha `utlfixdirs.sql` kutoka `rdbms/admin`.

Dalili: homu ya zamani haifutiki, au diski ya programu inajaa

Usifanye `rm -rf` kwenye homu ya zamani kabla ya hii:

    select name from v$datafile;

Angalia pia v$logfile, v$tempfile na v$controlfile. Kuna watu wanaongeza faili la data wanaandika jina tu bila njia, tuseme 'samaki02.dbf', na Oracle kwenye Linux inaliweka kwenye `dbs` ndani ya homu. Kwa hiyo homu unayoiita ya zamani inaweza kuwa imebeba mauzo ya msimu mzima. Hamisha kwanza, ndo ufute, na kufuta kwenyewe tumia `deinstall` ili inventori nayo isafishwe.

Diski kujaa sababu yake inafanana. Kama ORACLE_BASE haikuwekwa wakati wa kuwasha, kumbukumbu za uchunguzi zinaangukia `log` ndani ya homu, na faili za ukaguzi `rdbms/audit`. Faili ndogo ndogo maelfu kwa maelfu.

Windows: ORA-12154 kwenye kompyuta moja tu

Hili kosa la kushindwa kutambua jina la databesi kwa ofisi nyingi za mjini ndo la kila wiki. Kompyuta ina homu 2, ya databesi na ya klayenti, majina yanafanana fanana, na PATH inaanza na moja. Wewe unarekebisha tnsnames (faili la anwani za databesi) ya homu hii, programu inasoma ya ile. Andika `where sqlplus`, itakayotokea juu ndo inayotumika. Njia fupi ya kumaliza ugomvi ni kuweka TNS_ADMIN (kigezo kinachosema tnsnames iko folda gani) ielekee sehemu moja kwa homu zote. Na folda usiweke nafasi kwenye jina, skripti za watu hazina alama za kunukuu, zinakatika katikati ya neno.

PostgreSQL na SQL Server kwa haraka

PostgreSQL wamejipanga. Vifurushi vya PostgreSQL wenyewe kwa familia ya Red Hat vinaweka `/usr/pgsql-15/bin` na data `/var/lib/pgsql/15/data`, Debian na Ubuntu `/usr/lib/postgresql/15/bin`. Namba kuu tu, kwa sababu kutoka 15.3 kwenda 15.4 programu inabadilishwa palepale na data haiguswi, ile kanuni yangu wao wanaifuata bila kuniuliza. Shida inakuja ukipanda toleo kuu na skripti ya bekapu bado inaita `pg_dump` ya 13: inakataa, inasema "server version mismatch", na kama hakuna anayesoma barua pepe za cron (kinachoendesha skripti kwa ratiba) mtakaa bila bekapu mpaka siku mtakayoihitaji.

SQL Server ile `MSSQL15.MSSQLSERVER` sio ya 2015, SQL Server 2015 haipo. 15 ni 2019, 16 ni 2022, 14 ni 2017. Nimeona mtu anaagiza leseni kwa kusoma hiyo folda.

Kama umerithi seva yenye majina mabaya

Acha ilivyo leo. Usibadilishe jina kwa sababu tu linakuudhi. Subiri apdeti ya robo inayofuata ambapo ungepachika hata hivyo, weka homu mpya yenye jina sahihi, hamisha databesi, na jina hilohilo lifuatwe Mwanza, Bukoba na Musoma bila kuongeza vionjo vya tawi. Kisha kabla hujamwambia mteja kazi imeisha, omba nafasi usiku ambao kiwanda hakipokei samaki, uizime seva nzima na kuiwasha wewe mwenyewe ukiwa umekaa mbele yake, bila kugusa kibodi, uone kama databesi inaamka na kutoka homu ipi.